Jumba la Futi Kumi kwa Kumi

Hongera, umepata chumba. Dalali amekutembeza Sinza, Manzese na Mabibo siku mbili juani, kila mlango na hela yake ya kuonyeshwa, na mwishowe amekunja kodi ya mwezi mzima kuwa ujira wake. Wewe umetoa ya miezi sita kwa mkupuo. Sasa umesimama katikati, mikono kiunoni, begi moja tu ndilo limeingia, na unajiuliza kile chumba ulichoonyeshwa juzi kimekwenda wapi. Kile kilikuwa kikubwa.

Hujaibiwa. Juzi kilikuwa kitupu, na aliyekuwa akikinadi ni dalali. "Kitanda kinakaa hapa, kochi pale, kabati kule, na bado unabaki na nafasi ya kuswalia," alikwambia, huku amenyoosha mkono kama mtu anayekuonyesha mipaka ya shamba la mikorosho. Yatunze maneno hayo. Dalali ndiye mpambaji wa kwanza wa chumba chako, na hakutumia hata msumari mmoja.

Tuelewane mapema. Chumba hakiongezeki. Futi kumi kwa kumi ni futi mia za mraba, kama mita 9 za mraba hivi, leo, kesho, na hata siku kodi itakapopanda. Kuta ni za baba mwenye nyumba na hazisogei. Kinachosogea ni macho ya mgeni. Kazi yetu basi ni kumdanganya mgeni kwa adabu, na yeye atakubali kudanganywa, maana ukienda kwake atakufanyia hivyo hivyo. Vua viatu, tuanze.

Hatua ya 1: Nunua kitanda kikubwa, kisha kifiche

Mtu mwenye busara angenunua kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita. Kingekula futi 21 za mraba katika mia, na mambo yangekwisha. Lakini wewe na mimi tunajua hutakinunua. Kitanda cha futi tatu na nusu kinamtangaza mwenyewe kuwa hana matarajio. Utanunua cha tano kwa sita, kitakula futi 30, karibu theluthi ya jumba lako, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Kiinue. Kila mguu uweke juu ya matofali mawili. Sasa umepata uvungu, na uvungu ndiyo stoo, kabati la nguo za baridi, ghala la mchele na jumba la makumbusho la kila kitu ulichoshindwa kutupa. Ingiza humo begi la chuoni, pasi iliyoungua, ndoo mbili, redio ya marehemu mjomba na boksi la televisheni ambalo unalitunza kwa sababu usizoweza kuzieleza. Kisha tandika shuka refu linalogusa sakafu pande zote.

Angalizo moja: usimkaribishe mgeni mwenye mtoto wa miaka mitatu. Macho yake yako usawa wa uvungu. Atainua shuka, atatoa ndoo, ataiweka kichwani, na atazunguka nayo mbele ya watu.

Hatua ya 2: Paka rangi pale tu panapotazamwa

Baba mwenye nyumba amekuachia ukuta wa aina ile ile aliyowapakia wapangaji wote wa mjini: chini rangi ya mafuta ya kahawia iliyokoza mpaka usawa wa kiuno, juu krimu, katikati mstari. Aliifanya hivyo ili migongo na mikono michafu isionekane. Mstari ule unaukata ukuta vipande viwili, na ukuta uliokatwa ni ukuta mfupi. Rangi ya kahawia nayo inameza mwanga badala ya kuurudisha chumbani.

Paka nyeupe toka sakafuni hadi juu, na pembe zote rangi moja, ili jicho lisijue ukuta mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Lita 4 zitakutosha mkono mmoja tu wa kuta nne. Usinunue kopo la pili. Chunguza mgeni atakaa wapi na atatazama wapi, kisha kile kidogo kilichobaki kipake mkono wa pili kwenye ukuta huo peke yake. Nyuma ya kabati acha kahawia ilivyo. Kabati halina marafiki.

Usimwombe ruhusa mwenye nyumba. Akikuta chumba kimependeza atashangaa, atakupongeza, atatikisa kichwa taratibu. Mtikisiko huo wa kichwa uweke akilini. Tutakutana nao mbele.

Hatua ya 3: Weka kioo kama mfalme

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa na ukumbi wa mita 73 kwenye jumba lake la Versailles, na bado aliuona haumtoshi. Ulipokamilika mwaka 1684 ulikuwa na vioo 357, vimepangwa kwenye matao 17 yanayotazamana na madirisha 17, kila kioo kikiivuta bustani ya nje kuileta ndani. Kama mwenye mita 73 alihitaji msaada wa kioo, wewe mwenye mita tatu usione haya.

Nunua kimoja, futi mbili kwa tano, kwa fundi vioo wa mtaani. Kiegemeze ukutani kielekee dirisha. Mwanga utaongezeka na chumba kitapata chumba cha pili kwa nyuma.

Ila Louis alikuwa na bustani. Dirisha lako linatazama ukuta wa choo cha jirani, na sasa utakuwa na vyoo viwili. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kaa pale atakapokaa mgeni, tazama kioo, na uhesabu kinachoonekana. Kioo hakichagui: kinazidisha mwanga, kinazidisha ndala, kinazidisha dumu la maji na kanga iliyoanikwa kwenye msumari. Kisogeze inchi kwa inchi hadi kibaki na vitu vitatu tu: kipande cha anga, ua la plastiki, na uso wa mgeni mwenyewe. Cha mwisho ndicho muhimu. Mtu akiwa anajitazama hana muda wa kupima chumba.

Hatua ya 4: Mapazia mawili, uongo tofauti

Pazia la kwanza ni la dirisha. Dirisha lako ni la futi tatu kwa nne, lina nondo na wavu wa mbu uliojaa vumbi la barabara. Fimbo ya pazia usiifunge juu ya dirisha kama watu wa kawaida. Ipandishe karibu kabisa na dari, au kama nyumba haina dari, karibu na papi za bati. Iongeze futi nzima kila upande, na pazia literemke mpaka sakafuni. Mgeni atakachoona ni kitambaa kirefu, kipana, kizito. Akili yake itamalizia yenyewe kwamba nyuma yake kuna dirisha la ukubwa huo huo.

Sharti ni kwamba lisifunguliwe lote kamwe. Mgeni akisema kuna joto, washa feni. Umeme ukikatika, mpe kipande cha boksi ajipepee, na umsimulie jambo refu.

Pazia la pili linakata chumba katikati: upande huu kochi, upande ule kitanda. Kuanzia siku utakapolitundika huishi tena kwenye chumba kimoja. Unaishi "chumba na sebule". Kila mtu anajua kitanda kipo nyuma ya pazia, na hakuna anayeuliza. Uzuri wake ni kwamba kisichoonekana hakipimwi. Nyuma ya kitambaa kile mgeni anaweza kufikiria chumba cha futi kumi na nne, chenye choo cha ndani. Usimharibie.

Na chandarua, tafadhali. Kile cha duara kinachoning'inia toka juu kinajaza chumba kama mgeni wa tano. Mchana kisokote, kifunge fundo kama kilemba, kitulie juu.

Hatua ya 5: Jifunze kwa matajiri wa Lamu

Kama bado unaona aibu, twende Lamu kidogo, ujue ujanja huu haukuanza na wapangaji. Zile nyumba za mawe za karne ya 18, fahari ya mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina nguvu, lakini ina mwisho wake: ukuta hadi ukuta haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo tajiri mwenye majahazi, anayefanya biashara na Bara Hindi na Arabuni, alilala kwenye chumba chenye upana kama wa kwako. Futi zile zile kumi. Kwa urefu alikuzidi, ndiyo, tusizungumzie urefu.

Alifanya nini? Ukuta wa chumba cha ndani kabisa aliujaza zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vimenakshiwa, na ndani yake akaweka sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Jicho likiufikia ukuta halikusimama. Liliingia ndani ya shubaka, likaenda mbele kidogo. Ukuta wenye vina hauonekani kama mwisho wa safari.

Wewe usitoboe. Tofali za baba mwenye nyumba ni za inchi tano na upande wa pili kuna mama Zai anapika maharage. Funga rafu nyembamba, ukianzia juu ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuweka kitu. Panga vikombe vitatu vizuri, kitabu kinene kimoja na kitu cha udongo. Acha nafasi tupu baina yake. Najua mkono utakuwasha kuongeza. Tajiri wa Lamu naye aliwashwa, na zile kaure zake zilikuwa za kujionyesha, si za kulia wali. Lakini yeye alikuwa na ghala. Wewe una uvungu, na umeshajaa tangu hatua ya kwanza.

Hatua ya 6: Kochi na televisheni, au jinsi ya kushindwa kwa heshima

Nenda Keko kwa mafundi seremala. Fundi atakuuliza, "La watu wangapi, bosi?" Akili itasema wawili. Mdomo utasema watatu, kwa sababu kakuita bosi.

Sawa, limeshatokea. Punguza madhara. Mwambie alipandishe kwenye miguu myembamba, inchi sita toka chini, na mikono ya kochi isiwe minene kama mapaja ya mcheza mieleka. Sakafu ikionekana ikipita chini ya kochi, jicho linaihesabu kuwa ni nafasi, ingawa hakuna anayeweza kukaa humo isipokuwa paka. Meza ya katikati usinunue. Nunua stuli mbili zinazoingiliana. Mgeni akija ni meza, wageni wakiongezeka ni viti, akija mwenye nyumba kudai, unakalia moja na yeye unampa nyingine, mnalingana kimo.

Televisheni itundike ukutani. Nakushauri ya inchi 32. Utanunua ya 55, ambayo upana wake ni futi nne, kwenye ukuta wa futi kumi. Mtazamaji atakaa mbali nayo kama alivyokaa mbali na sahani yake ya chakula, na mechi ya Simba na Yanga ataifuata kwa kugeuza shingo kama mtu anayevuka barabara ya Morogoro. Usiombe radhi. Mwambie: "Hapa ni kama uko uwanjani." Umegeuza kasoro kuwa huduma.

Hatua ya 7: Acha sakafu ipumue

Zulia liwe moja, kubwa, la rangi moja. Vizulia vitatu vidogo vinagawa sakafu kuwa viwanja vitatu, na kila kiwanja kinaonekana kama kinasubiri mgogoro wa ardhi. Zulia kubwa likiingia chini ya kochi na chini ya pazia, linaonekana linaendelea hadi pasipojulikana. Ukweli ni kwamba linaishia inchi mbili nyuma ya pazia, kwa kuwa ulinunua kipande cha kumalizia jora. Siri hiyo ni yako na muuzaji wa Kariakoo.

Viatu vibaki mlangoni, kwenye korido. Usiviingize ndani hata kimoja. Jozi tano za viatu vyako zikipangwa nje ya mlango, majirani watadhani una wageni wanne, na watashangaa wote wameenea wapi. Sifa ya ukubwa inaanzia kwa majirani.

Hatua ya 8: Funga harufu

Macho umeyaweza. Pua ni mwanasheria mgumu zaidi. Ukikaanga dagaa upande wa pili wa pazia, hakuna zulia wala kioo kitakachomshawishi mgeni kwamba jiko liko mbali. Harufu inajua vipimo halisi vya chumba, na inavisema.

Kwa hiyo mtungi wako wa gesi wa kilo 6 upelekwe uani pamoja na sufuria, siku ya wageni. Nyumba yetu ya Kiswahili imekwisha kukupangia: korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye choo, kamba za nguo na nafasi ya kupikia. Pikia huko. Chakula kikiletwa kutoka nje ya mlango, kwa hatua kumi na tano, na wewe ukihema kidogo, mgeni atajua kwamba nyumba hii ina masafa.

Hatua ya 9: Taja vyumba usivyo navyo

Sasa yarudie maneno ya dalali, kwa sababu hii ndiyo hatua isiyo na gharama na yenye mafanikio kuliko zote. Chumba kinajengwa kwa mdomo.

Usiseme "hapa" na "pale". Sema "sebuleni", "chumbani", "jikoni", "stoo". Mgeni akiomba maji, inuka na useme, "Ngoja nikuchukulie jikoni." Piga hatua mbili, ingia nyuma ya pazia, simama. Usirudi haraka. Hesabu mpaka ishirini. Gonga bilauri na sahani. Kohoa, lakini ukiwa umegeukia ukutani, ili sauti itoke mbali. Kisha rudi na glasi, na useme, "Samahani, nimechelewa."

Mgeni ameyaona magoti yako chini ya pazia muda wote huo. Atasema, "Wala usijali." Hapo ndipo utamjua rafiki.

Wageni wakizidi wawili, usihangaike na stuli. Waambie, "Tutoke barazani, kuna upepo mzuri." Baraza ni la wapangaji wote wa nyumba nzima, lakini anayekaribisha ndiye mwenyewe. Umeongeza futi thelathini za mraba kwa sentensi moja.

Hatua ya 10: Piga picha, kisha uishi kwenye picha

Saa nne asubuhi jua linaingia dirishani kwa dakika kama ishirini, kabla halijafichwa na ghorofa la jirani. Jiandae. Beba kila kitu ambacho hakikuingia uvunguni na ukirundike kitandani, nyuma ya pazia. Panda juu ya stuli kwenye pembe ya mlango, mgongo ukiwa umebanwa kabisa kwenye kona. Weka kamera ya simu kwenye ile lenzi pana inayopanua kila kitu. Kochi litarefuka kama basi la Mwanza, zulia litakuwa uwanja, na ukuta wa mbele utarudi nyuma kwa woga. Piga. Weka kwenye stetasi, na maneno machache tu: "Nyumbani. Alhamdulillah." Usiandike zaidi. Mtu mwenye nafasi hajielezi.

Watu watakuuliza umehamia wapi. Jibu "huku huku", kwa upole wa mtu asiyependa kujivuna.

Hatua ya 11: Mgeni asiyedanganyika

Kuna siku mama atapanda basi Kyela na kiroba cha mchele, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, na utampokea stendi ukiwa unaomba Mungu. Yeye hatadanganyika na pazia. Ataingia, ataweka kiroba katikati ya zulia, atazungusha macho mara moja tu, na atauliza, "Mwanangu, hivi vitu vyote ni vya nani?"

Utasema ni vyako. Atasema, "Haya." Utakwenda kazini. Ukirudi jioni, kochi liko koridoni na wapangaji wenzako wamelikalia, televisheni ipo lakini stuli zote ziko nje, boksi la televisheni limewashiwa moto wa maharage, pazia la katikati limefunguliwa na kufungwa fundo, na dirisha liko wazi kabisa. Upepo unapita. Mama amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha yote, anachambua mchele. Na chumba, ndugu yangu, chumba ni kikubwa. Ni kile kile cha juzi, cha dalali.

Usimwige. Nakuona unaanza kufikiri, na ndiyo maana nakuonya. Mbinu ya mama inafanya kazi, nani atakataa, lakini inaharibu kila kitu. Ukiondoa vitu chumba kitakua, na wewe utaonekana huna kitu. Na tulianza safari hii yote kukwepa jambo hilo moja tu. Akishaondoka, rudisha kochi ndani. Utalisukuma peke yako, litakwama mlangoni, na utakumbuka jinsi lilivyoingia mara ya kwanza: lilivuliwa miguu.

Hatua ya 12: Kuvuna ulichopanda

Miezi sita itakwisha. Baba mwenye nyumba atakuja, utampa stuli, atakaa. Atatazama ukuta mweupe. Atatikisa kichwa taratibu, ule mtikisiko niliokwambia. Kisha atatoa simu mfukoni, na kwenye simu kuna picha yako. Mwanawe aliiona kwenye stetasi ya mtu.

"Sikujua kama chumba changu ni kikubwa hivi," atasema. "Kodi yake ilikuwa ya kukuonea huruma tu."

Usibishane naye, maana ungebishana kwa hoja gani? Utamwambia kwamba ni kioo? Kwamba nyuma ya pazia hakuna kitu? Umefaulu, bwana. Umefaulu mpaka umemshawishi mwenye kuta. Lipa, au uhame.

Ukihama, agiza kirikuu, na umwambie dereva afike mchana, watu wakiwepo. Itajaa. Itarudi mara ya pili, na itajaa tena. Mama Zai atasimama barazani na mwiko mkononi akihesabu vinavyotoka: kochi, kabati, televisheni, kioo, ndoo, redio ya marehemu mjomba. "Jamani," atasema, "vyote hivi vilikuwa humo?" Simama wima uipokee sifa hiyo. Hakuna cheti kingine kitakachotolewa.

Kisha rudi ndani mara moja, kuchukua fimbo ya pazia. Sauti ya nyayo zako itakurudia kutoka ukutani. Sakafu nzima iko wazi, ni nyeupe pale zulia lilipokuwa, na toka mlangoni hadi dirishani utaona kama kuna umbali wa kutembea. Utasimama katikati, mikono kiunoni.

Usikae sana. Koridoni kuna sauti unayoifahamu, inakuja na kijana mwenye begi moja. Mkono umeshanyooshwa kabla mlango haujafunguka wote. "Kitanda kinakaa hapa," inasema sauti, "kochi pale, na huyu kaka anayetoka atakwambia mwenyewe."

Kijana atakugeukia. Muda wako ni mfupi, na unajua la kusema.

"Kikubwa tu," mwambie, na umwachie msumari wa pazia.